Tanzia ya Ubishi wa Pijo na Benz

Ubishi wa Pijo na Benz umetutoka. Uliugua miaka mingi. Ukapoteza sauti kwanza, kisha kumbukumbu, na mwisho ukakata roho kwenye benchi la fundi wa viatu, hatua chache kutoka steji ya magari mjini Kitale, saa nne asubuhi, mashahidi wakiwa watano na mimi nikiwa mmoja wao. Hakuna aliyelia. Nadhani watatu kati yetu hawakujua hata kwamba kuna aliyekufa.

Ilikuwa hivi. Gari kubwa jeusi, la aina ambayo Wakenya tunaiita V8 hata kama injini yake haina silinda nane, lilipunguza mwendo kwenye tuta likatupita. Lilikuwa jipya, linang'aa hadi tukajiona ubavuni mwake. Zamani gari la hadhi hiyo likipita mbele ya benchi lile, kazi ilisimama. Fundi alishusha sindano, mwenye kiatu akasahau kwamba ana mguu mmoja mtupu, na mtu akafungua kesi: pua yake ni ndefu mno, au nyuma yake imekaa vibaya, au anayesema hivyo ana mtoto wa jicho. Siku hiyo jirani yangu alisema, "Hiyo ni milioni kumi na tano." Mwingine akasema, "Kumi na nane." Halafu kimya. Fundi hakuinua hata kichwa.

Hapo nikajua.

Marehemu alizaliwa mwaka 1968, mbali na hapa. Januari mwaka huo Mercedes-Benz walitoa gari ambalo wazee wetu walilitambua kwa taa zake za mbele zilizosimama wima, na Septemba Peugeot wakaonyesha 504 yao. Mwaka uliofuata 504 ikatawazwa Gari la Mwaka barani Ulaya. Huko kwao magari haya hayakuwa mahasimu wa kweli. Benz ilikuwa ya tabaka la juu zaidi, na Mfaransa aliyenunua Pijo hakujiona anashindana na mtu. Sisi hatukuulizwa. Kwenye barabara yetu, ile inayotoka Kitale ikapita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye, kisha ikashika njia ya Bungoma, hayo mawili ndiyo yaliyobeba watu waliofanya watoto waache mpira wasimame kando. Pijo ilimleta mwalimu mkuu, daktari, meneja wa chama cha ushirika. Benz ilimleta mbunge, au mkulima wa mahindi ambaye ekari zake hazikutajwa mbele ya wageni. Volvo ilikuwa na wafuasi wachache, wapole kama yenyewe. BMW tuliziona gazetini.

Na Pijo ilikuwa na haki ya mwenyeji. Takriban Pijo elfu 27 za aina ya 504 ziliunganishwa humu humu Kenya, hadi mwaka 2004, miaka zaidi ya ishirini baada ya Ufaransa kuacha kuunda saluni zake. Ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1975, Ove Andersson akiwa usukani, na ndugu yake yenye milango miwili ikarudia mwaka 1978 chini ya Jean-Pierre Nicolas. Mzee yeyote wa upande wa Benz alikuwa tayari kukukumbusha 1959, 1960 na 1961, miaka mitatu mfululizo ya Mercedes. Lakini Safari ilikuwa hoja ya pembeni, ya mtu aliyekwisha kuishiwa. Kesi yenyewe ilikuwa ya sura.

Ukiniuliza mimi, Kitale ilikuwa Benz na Bungoma ilikuwa Pijo. Kitale ni mji wa mashamba makubwa yaliyoachwa na walowezi, wa reli iliyofika mwaka 1926, wa mbegu za Kenya Seed. Mji unaopenda kitu kizito kilichosimama wima. Bungoma ni walimu na miwa. Mpaka wa imani ulikuwa mahali fulani karibu na Kamukuywa, na mimi niliuvuka kila Desemba kwa unafiki mkubwa, kwa sababu baba alifanya kazi Kitale na nyumbani kwa mama ni Bungoma, ambako mjomba wangu alikuwa fundi wa bodi. Nikipanda gari asubuhi nilikuwa wa nyota ya Benz. Nikishuka jioni nilikuwa wa simba wa Pijo.

Hoja zenyewe, kwa wasiobahatika kuzisikia, zilikwenda hivi. Upande wa Benz ulianza daima na buti la 504. Buti lile, kama unalikumbuka, halishuki kwa mstari mmoja. Linatoka kwenye kioo likiwa karibu bapa, kisha katikati linakunjika ghafla na kuinama. Kitale walisema limevunjika mgongo. Walisema ni ng'ombe anayetaka kulala akabadili nia. Bungoma walijibu kwamba mkunjo ule ndio kiuno, na gari lisilo na kiuno ni kabati. Wakaigeukia pua ya Benz: geti la benki hilo, wakasema, mlango wa kanisa uliofungiwa magurudumu, nani anataka kukimbizwa barabarani na mlango wa kanisa? Kitale wakatikisa vichwa kwa huruma. Gari la heshima, walisema, linakuja mbele yako kama mtu anayekuja kukuamkia, kifua mbele, huna haja ya kuuliza ni nani.

Kisha macho. Taa za 504 ziliinuliwa pembeni kama jicho lililopakwa wanja, na hata adui alikiri kwamba usiku, likitokea kwenye kona ya Misikhu, hakuna gari lililokutazama vile. Benz iliyotoka mwaka 1976, ambayo ndiyo hasa iliyoubeba ubishi huu mgongoni kwa miaka yote mizuri, ilikuja na jozi za taa za mviringo kila upande: miwani ya mwalimu mkuu, tulisema, na tukashangaa kwa nini walimu wakuu wananunua Pijo. Lakini Benz ya 280, yenye injini kubwa, ilipewa taa pana za mstatili. Mtoto wa darasa la nne aliweza kusimama Kiminini akakwambia kwa umbali wa uwanja wa mpira kama anayekuja ni mtu mkubwa au mtu mkubwa sana. Mwaka 1982 Mercedes wakaamua kuwapa wote taa pana. Habari ilipotufikia, ikiwa imechelewa kama ilivyo kawaida, benchi la Kitale lilikasirika kana kwamba limeibiwa. Sasa mwenye 200 ana macho ya mwenye 280! Mzee mmoja, karani mstaafu wa kiwanda cha karatasi cha Webuye, alisema huo ndio mwanzo wa uongo duniani. Yeye mwenyewe alikuwa na baiskeli.

Kuna jambo ambalo hatukulijua wakati ule, na najuta kwamba nimelijua nikiwa sina wa kumtupia. Ile Benz ya 1968, Mjerumani halisi tuliyemsifu kwa ukakamavu wake wa Kijerumani, ilichorwa na Mfaransa, Paul Bracq, mzaliwa wa Bordeaux. Na ile Pijo tuliyoisifu kwa maringo ya Kifaransa ilitoka kwa Waitaliano wa Pininfarina, mikononi mwa Aldo Brovarone. Baadaye Bracq alihamia Peugeot, akakaa miaka mingi akiwachorea sehemu za ndani. Yaani mchoraji mwenyewe alivuka Kamukuywa kama mimi.

Hoja moja ya Kitale sikuwahi kuiona ikijibiwa. Ilihusu taa za nyuma. Benz ile ya 1976 ilikuwa na taa za nyuma zenye mifereji, vioo vilivyopandishwa na kushushwa kama mabati. Tulidhani ni pambo. Mjomba, ambaye alikuwa Pijo damu, ndiye aliyenieleza kwa uchungu wa mtu mwaminifu: tope linashika matuta, halifiki ndani ya mifereji, kwa hiyo taa inaonekana hata gari likiwa limerudi kutoka Tongaren mwezi wa nne. Wahandisi walifikiria tope. Mtu aliyekaa Stuttgart alifikiria tope letu! Mjomba alisema hivyo akapangusa taa ile kwa kiganja, polepole, kisha akaongeza kwamba hata hivyo kwa mbele ni mlango wa kanisa.

Sisi watoto tuliamua kesi kwa waya. Gari la waya lenye magurudumu ya soli za patapata lilikuwa ama Benz ama Pijo, halikuwa na jina la tatu. Pijo ilikuwa kazi ya mkunjo mmoja tu, ule wa buti, lakini ole wako uukosee: ukikunja mapema umeunda pikapu, ukikunja kwa kuchelewa umeunda kitanda. Benz ilihitaji nyota, na nyota ilitengenezwa kwa karatasi ya fedha kutoka pakiti za sigara. Ile nyota halisi niliigusa mara moja, kwenye harusi. Nikaisukuma kwa kidole, ikainama, nikafikiri nimeharibu maisha ya wazazi wangu. Nilipoiachia ikasimama tena, kwa sababu ilikaa juu ya springi. Kwenye nyota ndipo riboni ya bibi harusi ilipofungwa, ikagawanyika mara mbili juu ya boneti hadi kwenye vioo vya pembeni. Niliona juzi kwenye harusi moja Bungoma vijana wakihangaika na riboni mbele ya gari ambalo nyota yake imelazwa ndani ya grili. Wakaishia kuibandika kwa gundi ya karatasi.

Mama mmoja aliyeuza mahindi ya kuchemsha pale stejini aliulizwa kila mwaka atoe hukumu, maana alikuwa haegemei upande wowote. Alisema gari zuri ni linalosimama. Hukumu hiyo ilikataliwa na pande zote mbili.

Lakini niseme kwa nini namwita marehemu huyu mtu wa heshima. Tajiri alinunua gari. Sisi tulibaki na haki ya kusema ni baya. Na yeye alitusikia. Vioo vilikuwa vyeupe, na kwa joto la mchana vilikuwa chini. Namkumbuka mwalimu mkuu mmoja aliyeegesha 504 yake ya rangi ya maziwa mbele ya benchi, amekuja kushonewa kiatu, akakuta buti lake linajadiliwa. Angeweza kulipa akaenda zake. Badala yake alitoka na soksi moja, akazunguka nyuma ya gari, akaweka mkono juu ya ule mkunjo na kuanza kutufundisha kama darasa la nane: kwamba mstari ukienda moja kwa moja jicho linachoka, kwamba hata mgongo wa Mlima Elgon una mkunjo wake katikati. Karani wa Webuye akambishia. Kondakta akambishia. Mwenye gari na wasio na hata gurudumu walibishana nusu saa, kwa usawa kabisa, na mkutano wa walimu aliokuwa akienda ukaanza bila yeye. Alishindwa, kwa maoni yangu. Aliondoka akiwa amefurahi.

Ugonjwa ulianzia Ulaya. Baada ya mafuta kupanda mwaka 1973, watengenezaji walianza kuyapeleka magari mbele ya feni kubwa ili kupunguza ukaidi wa upepo. Audi 100 ya mwaka 1982 ilitamba kwa kipimo cha 0.30, na Benz mpya ya 1984 haikuwa mbali. Sasa upepo wa Stuttgart ndio upepo wa Munich, na ndio wa Sochaux na Nagoya. Ukimwachia upepo kalamu, atachora gari lilelile kila mahali. Mwaka 1995 Benz yenyewe ikatuacha: ikatoka na macho manne ya mviringo, mawili mawili, na mzee mmoja wa Kitale aliyeiona kwa mara ya kwanza akauliza nani ameipiga.

Pijo ilikufa kifo cha kazi. Zile ndefu za 504, za viti safu tatu, zilikuwa teksi zetu za haraka za kwenda mbali, na zilibeba watu na kuku na magunia hadi springi zikasahau umbo lake. Sheria za Waziri John Michuki zilipoanza Februari 2004, na mikanda yake na vidhibiti mwendo, steji ikawa tayari ni ya Nissan za watu kumi na wanne. Mwaka huohuo uunganishaji wa 504 nchini ukakoma. Leo kwenye safari fupi za kwenda Chwele au Kimilili tunapanda Probox, gari jasiri ambalo nalishukuru kila wiki, na ambalo nadhani lilichorwa kwa kuangalia katoni.

Juni 2009, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alitangaza kwamba ujazo wa injini za magari ya serikali usizidi 1,800 cc, na wakubwa wakaletewa Volkswagen Passat. Nilikuwa kwenye benchi Passat ya kwanza ilipopita. Tuliitafuta hoja, wallahi tuliitafuta. Halikuwa baya, halikuwa zuri. Lilikuwa limefika tu.

Hata sheria njema zilishiriki. Mwaka 2003 Umoja wa Ulaya ulipitisha masharti ya kumlinda mtu anayegongwa na gari, na boneti zikalazimika kuinuka ili kichwa chake kikutane na bati linalobonyea kabla ya kukutana na injini. Pua zikavimba zote kwa pamoja. Siwezi kuilaumu sheria inayookoa kichwa cha mwenda kwa miguu, nikiwa mwenda kwa miguu mwenyewe. Nasema tu kwamba pua zilivimba.

Kilichomaliza kabisa ni kimo na giza. Gari la fahari la leo limepanda juu. Ukiwa umekaa kwenye benchi unatazamana na grili pekee, na grili zimekuwa vinywa. Figo za BMW, zilizokuwa ndogo kama maharagwe, sasa zinateremka karibu hadi bampa. Wengine wameacha mdomo kabisa: Benz ya umeme, EQS ya mwaka 2021, ina kibao cheusi mahali pa grili. Juu ya yote kuna tinti. Huwezi kubishana na mtu usiyemwona, na yeye hakusikii. Kiyoyozi kinanguruma na kioo kimefungwa. Tumebakiwa na bei.

Vijana watasema nadanganya. Watasema wao hubishana usiku kucha, Mark X na Crown, Subaru na kila mtu. Ni kweli, nimewasikia. Hubishana juu ya mlio wa ekzosi, juu ya rimu, juu ya nani alimwacha nani kati ya Webuye na Bungoma. Magari hayo yameshuka Mombasa kutoka Japani yakiwa na umri usiozidi miaka minane kama sheria inavyotaka, mengine bado yanamwamkia mwenyewe kwa Kijapani kila anapowasha, na yatauzwa tena kabla hajajua kinachosemwa. Sijamsikia kijana hata mmoja akisema buti la Mark X limemkera hadi akakosa usingizi.

Marehemu ameacha 504 pikapu moja inayosomba nyasi za ng'ombe karibu na Kiminini. Benz moja ya taa za mviringo iliyokaa juu ya mawe katika boma ambalo sitalitaja, kuku wakitagia kiti cha nyuma. Na mjomba wangu.

Mwezi uliopita niliteremka Bungoma kumpelekea habari za msiba. Nilimkuta kwenye kibanda chake, njia ya Kanduyi, akishona bampa la plastiki la Prado. Anatoboa kwa msumari wa moto, anapitisha waya mwembamba, anavuta, anatoboa tena. Nyundo zake zilikuwa zimetundikwa ukutani kwa ukubwa, safi, kama vyombo vya mgeni. "Mimi siku hizi ni fundi cherehani," alisema. Nikamweleza yaliyotokea kwenye benchi, gari jeusi, milioni kumi na tano, kumi na nane, kimya. Akasikiliza bila kuacha kushona. Kisha akainua kidevu kuelekea mwembe uliokuwa nyuma yangu. Chini yake, limeegemezwa kwenye shina, kulikuwa na buti la 504, rangi imekwisha, kutu imeanza kwenye pembe.

"Na wewe mjomba, bado unasema limevunjika mgongo?"

"Ndiyo, mjomba. Limevunjika."

Akaweka bampa chini. Dereva wa Prado, aliyekuwa amekaa juu ya gurudumu akitazama simu, akauliza kama kazi itakwisha kabla ya saa sita. Mjomba hakumjibu. Alikuwa amekwisha kuliinua lile buti kwa mikono miwili, analigeuza lipate jua, na kidole chake kilikuwa tayari juu, pale linapoanzia.

"Njoo hapa. Hapo ulipo huoni kitu. Simama hapa nilipo mimi. Haya, sasa angalia."